Lupasi, habari za Ujerumani na shamba la minazi

BARUA YA MSOMAJI

Daktari mpendwa,

Baada ya salamu nakuomba uisome barua yangu kwa subira, kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili limetugawa na simpati mtu wa kumuuliza asiyekuwa na upande.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Pangani mkoani Tanga. Binti yangu wa pili, mwenye umri wa miaka 24, anafundisha watoto wa chekechea. Ugonjwa wake ulianza kwa vidole kuvimba na kukakamaa kila asubuhi, kisha nywele zikaanza kunyonyoka, mashavuni yakatoka mabaka meusi yaliyozidi kila alipopigwa na jua, na homa ikawa haimwachi. Tulitibu malaria, tukatibu homa ya matumbo, tukarudi tena kutibu malaria. Upande wa baba yake walishikilia kwamba mtoto amerogwa, na fedha nyingi ziliishia kwa waganga kabla daktari wa hospitali ya rufaa hajaagiza vipimo vya damu na mkojo na kutuambia kwamba ni lupasi, na kwamba figo zimekwisha kuguswa kwa sababu mkojo ulikuwa na protini nyingi. Aliandikiwa prednisoloni, haidroksiklorokwini na mikofenoleti. Namshukuru Mungu, baada ya miezi kadhaa uvimbe ulikwisha, daktari akasema mkojo unakwenda vizuri, na binti akarudi darasani.

Sasa mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi Ujerumani, ametutumia habari kwamba madaktari wa huko wamegundua tiba ya chembe za damu inayoponya lupasi moja kwa moja, kiasi kwamba wagonjwa wanaacha dawa zote. Tangu siku ile nyumba haina utulivu. Mume wangu anataka tuuze shamba la minazi alilorithi kwa wazazi wake ili tumpeleke binti Ulaya. Kabla hatujaamua, akatokea mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa hospitali za nje, akasema tiba hiyohiyo inapatikana India kwa bei nafuu kwa kutumia seli shina, na kwamba tulipe nusu ya fedha kwanza ili atuwekee nafasi. Shangazi yake naye ameleta vidonge vya kuongeza kinga, kwa maelezo kwamba lupasi ni upungufu wa kinga.

Kinachonitia hofu zaidi ni binti mwenyewe. Tangu asikie habari za tiba mpya ameacha haidroksiklorokwini, kwa kuwa rafiki yake alimwambia inapofusha macho, na amekuwa akipunguza prednisoloni kimyakimya kwa sababu imemvimbisha uso. Anauliza kwa nini aendelee kumeza madawa makali ilhali dawa ya kuponya ipo. Hana maumivu kwa sasa, kwa hiyo anajiona mzima.

Tena amechumbiwa, na maneno yameanza. Upande wa baba yake, waliokuwa wakisema amerogwa, sasa wanasema ugonjwa umetoka kwenye ukoo wangu. Naomba unieleze: habari za Ujerumani ni za kweli? Tuuze shamba? Ni mimi niliyempa mwanangu ugonjwa huu? Na je, ataweza kuzaa?

Mama wa binti, Pangani

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo, mama.

Naanza na lile lisiloweza kusubiri, kisha nitarudi kwenye habari za Ujerumani, ambazo ni za kweli na zinastahili maelezo marefu. Binti aliyepunguza prednisoloni kwa kujiamulia na kuacha haidroksiklorokwini, huku figo zake zikiwa zimekwisha kuguswa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, anatakiwa aonwe kliniki wiki hii, hata kama tarehe ya miadi yake bado iko mbali. Mtu anapotumia prednisoloni kwa miezi mingi, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya jamii hiyo, hulala na kuacha kazi yake; dawa ikikatwa ghafla tezi haziamki siku hiyohiyo, na mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kupoteza maisha. Akianza kutapika, kuzimia au kuchanganyikiwa, msingoje kliniki. Mpelekeni hospitali iliyo karibu na mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta kwamba alikuwa akitumia prednisoloni. Ni kweli kwamba dawa hii hupunguzwa, na namwelewa msichana wa miaka 24 anayejitazama kwenye kioo na kuuona uso asioutambua. Mapendekezo ya mwaka 2023 ya EULAR, muungano wa Ulaya wa vyama vya magonjwa ya baridi yabisi na jamii yake, yanataka dozi ya kuendelea nayo isizidi miligramu 5 kwa siku na, inapowezekana, iachwe kabisa. Lakini anayeipunguza ni daktari, hatua kwa hatua, huku mkojo na damu vikipimwa. Mwambie binti aende na ombi hilo waziwazi: anataka kupunguziwa, na anataka kujua mpango ni upi.

Haidroksiklorokwini nataka niitetee kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndiyo dawa inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo ninayoiona ikiachwa mara nyingi. Ilizaliwa katika ukoo wa dawa za malaria na imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1950. Mwaka 1991 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti uliohusu watu wa hali ileile ya binti yako, yaani wagonjwa 47 wa lupasi waliokuwa wametulia wakiwa wanaitumia. Waliwagawa kwa bahati nasibu, 25 wakaendelea na dawa na 22 wakapewa vidonge visivyo na dawa, bila mgonjwa kujua yuko kundi gani. Katika wiki 24, wagonjwa 16 kati ya wale 22 walioondolewa dawa ugonjwa uliwaamkia, ilhali kati ya wale 25 walioendelea uliwaamkia 9. Wote waliingia katika utafiti huo wakijiona wazima.

Kuhusu macho, rafiki yake hakusema uongo, ila alisema nusu ya habari. Dawa hii huweza kuharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inapotumika kwa miaka mingi au kwa dozi kubwa, na hatari huongezeka kwa mwenye figo dhaifu. Ndiyo maana dozi hupimwa kwa uzito wa mtu, isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, ambayo kwa mtu wa kilo 50 ni miligramu 250. Kwa dozi hiyo, wanaopata madhara ya retina katika miaka 10 ya kwanza ni chini ya wawili katika kila mia. Kinachotakiwa ni macho kupimwa na daktari wa macho mwanzoni mwa matibabu, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, au mapema zaidi kwa mtu ambaye figo zake zina hitilafu. Muulizeni daktari wake kama kipimo cha kwanza kilifanyika na kama dozi yake inalingana na uzito wake wa sasa. Figo zenyewe haziumi zinapoharibika; mtu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo akiwa anafundisha, anacheka na kula vizuri. Wanaotibu ugonjwa huu hutarajia protini ya mkojo ipungue angalau kwa nusu katika miezi sita ya matibabu, na ishuke hadi chini ya gramu 0.7 kwa siku kufikia mwaka mmoja. Namba hiyo ya binti yako ni ipi? Iulizeni na muiandike kwenye daftari, kwa maana katika maamuzi yote yaliyo mbele yenu hakuna taarifa itakayowasaidia kuliko hiyo.

Sasa Ujerumani. Katika hospitali ya chuo kikuu cha mji wa Erlangen, timu ya Georg Schett na Andreas Mackensen ilimtibu msichana wa miaka 20 mwenye lupasi kali ya figo kwa njia iliyobuniwa kwa ajili ya saratani ya damu, na habari zake zikachapishwa mwaka 2021. Lupasi huendeshwa kwa sehemu kubwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B, ambazo hutengeneza kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe badala ya vijidudu. Madaktari huchukua kutoka kwenye damu ya mgonjwa chembe nyingine nyeupe, seli T, na kuzitia maabara chembe ya urithi inayozifundisha kuitambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli B. Seli hizo, ambazo sasa huitwa CAR-T, huzalishwa hadi ziwe nyingi, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuandaa mwili na kurudishiwa seli zake kwa njia ya mshipa. Seli B zote hutoweka. Katika wagonjwa wa mwanzo zilirudi baada ya karibu miezi minne, lakini zilizorudi zilikuwa changa, kama za mtu ambaye mwili wake haujawahi kujipiga.

Unaweza kuuliza kwa nini dawa za zamani za kuondoa seli B hazikufanya hivyo. Rituksimabu, kwa mfano, ilijaribiwa kwa wagonjwa 144 wa lupasi ya figo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, na haikuonyesha tofauti ya kutosha na matibabu ya kawaida. Wewe unayelima unaijua ndago: ukifyeka majani shamba linapendeza kwa wiki chache, lakini vitunguu vyake viko chini na vitachipua. Rituksimabu husafisha vizuri damu inayozunguka, ila seli B zilizojificha ndani ya tezi na nyama za mwili hubaki. Seli za CAR-T hai hutembea na kuzifuata huko ziliko.

Mwezi Februari 2024 timu hiyo ilichapisha matokeo ya wagonjwa 15: wanane wa lupasi, watatu wa ugonjwa wa kuvimba misuli, na wanne wa ule unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani. Wanane wote wa lupasi walitulia kabisa, na wote 15 waliacha dawa za kushusha kinga. Nimesoma taarifa nyingi za utafiti katika kazi hii, na ninakiri kwamba ni chache zilizonipa furaha kama hiyo. Aliyewatumia habari hizi hakuwadanganya.

Hata hivyo, mama, tazama ukubwa wa ushahidi wenyewe. Wagonjwa wanane ni wachache mno, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na muda wa kuwafuatilia ulikuwa takriban miezi 15, ilhali lupasi ni ugonjwa wa miaka 40 au 50. Hadi ninapoandika, hakuna tiba ya CAR-T iliyoidhinishwa na mamlaka za dawa kwa ajili ya lupasi. Kinachoendelea Ulaya, Marekani, China na kwingineko ni majaribio. Madhara yake pia si ya kupuuzwa. Baada ya kurudishiwa seli, mwili huweza kupata homa kali na shinikizo la damu kushuka kutokana na mlipuko wa kinga, ingawa kwa wagonjwa wale wa Erlangen jambo hilo kwa wengi lilikuwa jepesi. Mgonjwa hukaa kwa miezi bila seli B, akiwa wazi kwa maambukizi. Mojawapo ya dawa za kuandaa mwili, saiklofosfamidi, inaweza kudhuru mayai ya mwanamke, jambo ambalo msichana aliyechumbiwa anapaswa kulijua kabla ya mtu yeyote kumtafutia tiketi ya ndege. Mwezi Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maandishi ya dawa zote za CAR-T yabebe onyo la hatari ya saratani ya seli T, tukio lililoonekana mara chache kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliotibiwa kwa njia hii.

Majaribio haya huwachukua kwa kawaida wale ambao dawa za kawaida zimewashinda, mara nyingi zaidi ya moja. Binti yako alipozitumia dawa zake ipasavyo alipata nafuu kubwa. Kwa sababu hiyo pengine asingekubaliwa, na mimi kama mzazi ningelipokea jibu hilo kwa shukrani.

Jambo ambalo ningependa baba yake alisikie pia ni kwamba mgonjwa anayekubaliwa katika jaribio halali halipii tiba inayojaribiwa. Gharama hiyo hubebwa na anayeendesha utafiti. Mtu anayewataka mlipe ili muingie katika utafiti amekwisha kujitambulisha. Utafiti wa kweli huandikishwa katika daftari la umma, kama ClinicalTrials.gov la Marekani au daftari la majaribio la Afrika lenye makao yake Cape Town, na yeyote anaweza kulitafuta kwa jina la ugonjwa na nchi. Hapa Tanzania, jaribio lolote la dawa kwa binadamu linahitaji kibali cha kimaadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wakala huyo mwulizeni namba ya usajili wa utafiti wake. Asipokuwa nayo, mazungumzo yaishie hapo, wala msimpe nakala za vyeti vya binti.

Kuhusu India, ni vizuri mjue kilicho kweli, kwa maana uongo wa wakala umeshonwa juu ya kitambaa cha ukweli. Mwezi Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake yenyewe ya CAR-T, NexCAR19, iliyotokana na kazi ya taasisi ya IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial, kwa bei iliyo karibu sehemu ya kumi ya ile ya Marekani, ambako tiba ya kwanza ya aina hii ilipangiwa dola 475,000 mwaka 2017, zaidi ya shilingi bilioni moja za kwetu. Ni mafanikio makubwa kwa nchi zisizo tajiri. Lakini idhini hiyo ilitolewa kwa saratani za damu, na lupasi haikuwamo. Tena seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ni kitu kingine kabisa: mtu anayekuambia kwamba seli shina na CAR-T ni tiba hiyohiyo, ama hajui anachouza, ama anajua na anategemea kwamba wewe hujui.

Shamba, kwa maoni yangu, lisiuzwe. Hata bei yake ikifika, leo hakuna mahali pa kununua tiba hii kwa ajili ya lupasi kwa njia halali kama mtu anavyonunua upasuaji. Kijana wenu aliyeko Ujerumani anaweza kufanya jambo la maana zaidi kuliko kutuma habari: aiandikie hospitali yenye jaribio, akiambatanisha ripoti ya daktari wa hapa na kwa ridhaa ya binti, aulize kama wanapokea wagonjwa wasio wakazi na ni kwa masharti gani. Aulize pia habari za ufuatiliaji, kwa kuwa waliopewa seli zilizobadilishwa chembe za urithi hupendekezwa kufuatiliwa hadi miaka 15, na mtu wa Pangani atafuatiliwaje kutoka Erlangen? Watafiti wenyewe wanaliona tatizo hili. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walieleza jinsi walivyowatibu watu watatu wenye magonjwa ya jamii hii kwa seli zilizotoka kwa mtu mwingine mzima na kuhaririwa ili mwili usizikatae, na wapo wanaojaribu kuzitengeneza seli hizo ndani ya mwili wa mgonjwa kwa sindano tu, bila maabara kubwa. Njia hizo zikifaulu, ndizo ninazotumaini kwamba siku moja zitafika Dar es Salaam na Nairobi. Atakayeweza kuzipokea ni mgonjwa ambaye bado ana figo zinazofanya kazi.

Tena zipo hatua nyingine kati ya vidonge anavyotumia sasa na tiba ya seli. Belimumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, anifrolumabu mwaka 2021, na mwezi Oktoba 2025 obinutuzumabu ikaidhinishwa kwa lupasi ya figo baada ya utafiti wa wagonjwa 271, ambapo 46 katika kila mia waliopewa dawa hiyo pamoja na matibabu ya kawaida figo zao zilitulia kikamilifu, dhidi ya 33 kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Ni dawa za bei kubwa na kwetu ni adimu, lakini ni dawa zenye ushahidi, na ikiwa siku moja vidonge vitashindwa, mazungumzo na bingwa yaanzie hapo. Kwa sasa, fedha iliyopo ilipe bima ya afya, nauli ya kliniki, vipimo vya mkojo na kipimo cha macho.

Vidonge vya kuongeza kinga virudisheni kwa shangazi kwa heshima, na mumweleze kwamba kinga ya binti haikupungua, imekosa breki. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kugundua zilipo breki hizo, yaani seli T maalumu zinazoizuia kinga isiugeukie mwili, na jeni ya FOXP3 inayoziongoza. Kuichochea kinga ya mtu wa namna hii kunaweza kumwamsha adui mnayemlaza kwa dawa.

Sasa swali lililoniumiza kulisoma. Hapana, mama, hukumpa mwanao ugonjwa huu. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Carola Vinuesa walionyesha kwamba msichana mmoja wa Hispania alipata lupasi akiwa mdogo kwa sababu ya badiliko moja katika jeni ya TLR7, lakini kisa kama hicho ni nadra sana. Kwa wagonjwa walio wengi, tabia ndogondogo nyingi za urithi, zinazotoka kwa baba na kwa mama pia, hukutana na mambo ya nje kama mwanga wa jua na maambukizi ya virusi, na hakuna kipimo kinachoweza kumnyooshea kidole mzazi mmoja. Kwamba karibu wagonjwa tisa katika kila kumi ni wanawake nalo linaanza kupata maelezo: mwaka 2024 timu ya Howard Chang wa Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha kwamba Xist, molekuli inayonyamazisha moja ya kromosomu mbili za X katika mwili wa kila mwanamke, hushikamana na protini zinazoweza kuamsha kingamwili dhidi ya mwili, na panya dume waliofanywa waitengeneze walipata ugonjwa unaofanana na lupasi. Wasomee wakwe zako aya hii wakiwapo wote, pamoja na mumeo.

Katika barua yako nimesikia maoni ya baba, ya shangazi, ya wakala na ya wakwe, na binti nimemsikia kupitia vidonge alivyoacha tu. Ana miaka 24. Aingie chumba cha daktari akiwa yeye ndiye mwenye maswali, na wewe ukae pembeni yake kama atakavyotaka. Atakapokuwa anaeleza, asifiche lolote kuhusu dozi alizoruka, kwa sababu daktari asiyejua atadhani dawa zimeshindwa na kumwongezea kali zaidi.

Kuzaa anaweza, na wanawake wengi wenye lupasi ya figo hujifungua salama, ila mimba yake inahitaji kupangwa. Mikofenoleti huharibu mimba na husababisha ulemavu kwa mtoto, kwa hiyo ni lazima iachwe angalau wiki sita kabla ya kushika mimba na badala yake daktari humpa azathioprini, ambayo inakubalika. Kisha husubiriwa ionekane kwamba ugonjwa umetulia kwa miezi sita au zaidi. Mpaka hapo atahitaji njia ya uzazi wa mpango, na aichague pamoja na bingwa wake, kwa kuwa vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai kila mwenye lupasi. Haidroksiklorokwini ileile aliyoiacha huendelea wakati wa mimba na wa kunyonyesha, na aspirini ya dozi ndogo huongezwa kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Mchumba ataambiwa lini na nani, hilo aamue binti mwenyewe, lakini mwanamume atakayeshiriki kupanga mimba hiyo anapaswa kuwa amejua. Katika ziara ya wiki hii ombeni pia vipimo viwili vya damu kama havijafanyika: kingamwili za Ro, ambazo kwa mimba chache huathiri mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na kingamwili za fosfolipidi, zinazogandisha damu na kuporomosha mimba. Majibu yake yawekwe katika daftari lilelile lenye namba ya protini ya mkojo, na aende nalo kliniki ya wajawazito siku atakayokuwa tayari.